Debe la Mstari Mwekundu

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za karakana, nikavua aproni, nikaenda nyumbani mchana kweupe kama mtu mgonjwa. Siumwi. Nimestaafu tu. Ninyi mnaobaki pale Majengo mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani, nami nilikubali kwa sababu kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusimama mbele yenu nizungumze. Ila naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea tupa kuliko kalamu.

Sitaeleza nilipandaje cheo wala nililipwa nini. Nitaeleza jinsi nilivyoanza, na jambo moja ambalo nusura liifunge karakana hii kabla hamjazaliwa. Mmekuwa mkiuliza kwa nini hapa mizani haitoki mpaka mwenye nayo aende mwenyewe bombani kuchota maji. Wengine mnadhani ni ukaidi wa wazee. Mtaona ulitoka wapi.

Nilifika Sumbawanga kutoka Milepa nikiwa na miaka kumi na minane, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mwezi wa sita, na baridi ya huku juu ilinishangaza kuliko mji wenyewe. Katekista wa kwetu alikuwa akimfahamu fundi mizani mmoja, Fundi Asegelile, Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani, aliyepanga chumba Katandala na kufungua karakana Majengo. Nilimkuta ameinama juu ya mizani kubwa ya magunia. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Unaweza kukaa kimya saa nzima?" akaniuliza.

Nilikuwa na haya mno, nikasimama tu pale mlangoni na barua ya katekista mkononi. Muda ukapita. Mwishowe akainuka, akanitazama, akasema, "Umefaulu."

Alikuwa na maana yake. Mizani husikilizwa. Mkono wake, ile fimbo ndefu ya chuma yenye namba, hulala juu ya makali membamba kama visu. Makali yakiwa safi, mkono hupanda na kushuka bila sauti. Yakiwa na kutu au punje ya ulezi, utasikia mkwaruzo mdogo. Wiki mbili za kwanza kazi yangu ilikuwa kufagia na kusikiliza. Hata sasa nikiingia dukani nasikia mkwaruzo kabla sijaona bei. Ni ugonjwa wa kazi, na hauna dawa.

Vifaa vyetu havikuwa vingi: tupa tatu, msasa, mafuta ya taa, jiko la mkaa, kijiko cha chuma cha kuyeyushia madini ya risasi, na nyundo ndogo. Risasi ndiyo niwaeleze zaidi. Mizani ya magunia hutumia mawe, vyuma vya mviringo vinavyoning'inizwa mwisho wa mkono. Kila jiwe lina tundu chini yake. Jiwe likilika kwa kutumika huwa jepesi, na fundi humimina risasi kidogo ndani ya tundu mpaka uzito urudi. Halafu huliziba na kugonga alama yake juu. Alama ya Fundi Asegelile ilikuwa nyota ndogo yenye ncha tano. Tundu likifunguliwa baadaye, nyota huharibika, na kila mtu huona.

Sasa ukizidisha risasi, jiwe huwa zito kuliko inavyopaswa. Mkulima ataongeza mahindi na kuongeza mahindi mpaka mkono usimame sawa, na karani ataandika kilo tisini huku gunia lina tisini na mbili. Hizo mbili hazionekani popote isipokuwa kwenye ghala la mtu. Fundi Asegelile alinieleza haya siku aliyonipa kijiko kwa mara ya kwanza. Alisema kwenye mikutano watu hulaani makarani na wakubwa wala rushwa, nao wanastahili, lakini hajawahi kumsikia mtu akimtaja fundi. Karani hana kijiko cha kuyeyushia risasi. Wizi wa mizani lazima upite mikononi mwetu kwanza, sisi watu binafsi tunaojifanya hatumo.

Neno hilo, mtu binafsi, lilikuwa zito siku hizo. Kila aliyekuwa na karakana yake mwenyewe alitazamwa kama bepari mdogo anayesubiri kukua. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa akipita na kumuuliza Fundi kwa nini hajaingia ushirika wa mafundi. Fundi alimjibu kwamba ataingia siku watakapompata fundi mizani wa pili Sumbawanga, kwa sababu ushirika wa mtu mmoja haujakaa vizuri. Wakacheka, mwenyekiti akaenda zake. Lakini leseni ya Fundi ilikuwa karatasi moja tu, na ilitosha mkubwa mmoja kukohoa ipotee. Alikuwa na watoto watano shuleni kwa karatasi hiyo.

Ili kujilinda alikuwa na madebe. Mnayajua. Ni madebe matano ya mafuta, na ndani ya kila moja mstari wa rangi nyekundu. Alipima kwa kipimo cha lita chenye muhuri wa serikali: lita kumi na saba za maji hufika kwenye mstari, na debe lenyewe lina kilo moja. Kilo kumi na nane. Madebe matano ni tisini, gunia kamili. Maji hayahongwi, alisema, na kila kijiji kina maji. Lakini wakati huo aliyatumia mwenyewe tu, mlango ukiwa umefungwa, kabla ya kugonga nyota.

Mwaka wangu wa pili, dada yake akafariki huko Rungwe. Alisafiri wiki mbili, nikabaki na funguo. Nilijivuna kimyakimya. Siku ya tatu akaja Bwana Remijio.

Bwana Remijio alikuwa karani wa kituo cha kununulia mahindi katika kijiji ambacho sitakitaja. Alikuwa mtu wa kupendeza, suti yake ya Kaunda imenyooka, anajua jina la kila mtu na la mama yake. Vijana wake walishusha mizani. Aliwatuma wakanywe chai, akazunguka karakana akitazama huku na huku, akasimama mbele ya baiskeli yangu. Gurudumu la nyuma halikuwa na tairi la maana. Nilikuwa nimelijaza majani makavu na kulifunga kwa vipande vya mpira, kama wengi miaka ile, kwa kuwa matairi hayakuwepo madukani. Ukipanda, lilipiga kelele kama kuku.

"Vitalisi," akasema, "kijana wa Milepa kama wewe anapandaje kitanda cha majani?"

Nilitabasamu nikitazama chini. Akanikaribia. Akasema mawe ya mizani yake yamekuwa mepesi, anahofia hasara. "Yalishe kidogo. Kilo mbili kwa gunia, isizidi. Fundi akirudi usimsumbue na mambo madogo."

Nilielewa. Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa, lakini kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kusema hapana, na neno halikutoka. Alikuwa mkubwa kwangu, mtu wa ofisi, rika la baba yangu mdogo. Kwetu mkubwa akisema, mdogo hutazama chini. Nikatazama chini.

"Naona tumeelewana," akasema. Jioni kijana wake akaleta tairi jipya kabisa, bado lina karatasi ya kiwandani, akaliacha juu ya tandiko la baiskeli yangu.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilikagua mawe yale, nikakuta kweli moja limelika kidogo. Nililijaza mpaka pale pale panapotakiwa. Nikafunga mlango, nikapima kwa madebe yote matano, mkono ukalala sawa kwenye tisini. Nikagonga nyota. Mizani ikarudi kwa mwenyewe ikiwa sahihi kuliko ilivyokuja. Na tairi nikalifunga kwenye baiskeli. Nilijiambia sikumwibia mtu yeyote: mkulima amepona, karani ameridhika, nami sikulazimika kusema neno. Nililala vizuri siku hiyo. Mjinga hulala vizuri.

Fundi aliporudi alitaka nimtajie kazi zote zilizopita. Nilizitaja. Akaitazama baiskeli.

"Tairi jipya."

"Nimelipata, Fundi."

Miaka ile hakuna aliyepata tairi hivihivi. Alinitazama kidogo, akaenda kuwasha jiko.

Msimu wa kununua mahindi ulipofika katikati, akaja mkaguzi wa vipimo, mtu mrefu mwenye miwani, na gari la serikali. Magunia ya kituo cha Bwana Remijio yalikuwa yakifika ghala kuu yakiwa yamepungua, kilo mbili kila moja, na hayakuwa na matundu. Bwana Remijio alikuwa ameandika maelezo. Alisema mizani ilikuwa nzima mpaka ilipopita kwenye karakana ya mtu binafsi Majengo. Mkaguzi akamwomba Fundi leseni. Akaikunja, akaitia mfukoni. Karakana ifungwe, akasema, mpaka mizani ipimwe kijijini mbele ya wananchi, na kama kosa ni la fundi asitegemee kuiona leseni yake tena.

Nilielewa yote hapo hapo, tupa ikiwa mkononi. Bwana Remijio aliamini kwamba mawe yamelishwa. Kila gunia alilopima tisini alidhani lina tisini na mbili, akachota zake mbili kwa amani. Kumbe alikuwa akichota kwenye tisini za kweli. Mkulima hakupoteza kitu. Bwana Remijio alijiibia mzigo wake mwenyewe, na hakuweza kusema kwa nini anashangaa.

Ningeweza kumweleza Fundi usiku ule au asubuhi yake. Mara tatu nilikwenda mpaka mlangoni kwake Katandala, mara tatu mkewe akaniuliza kama nataka chai. Nilikunywa chai nyingi sana.

Siku ya kwenda kijijini Fundi alipakia madebe yake matano kwenye lori. Mimi nilipakia gunia dogo. Ndani yake mlikuwa na tairi, nililokuwa nimelifungua asubuhi. Aliona umbo lake, maana tairi ndani ya gunia halifichiki. Akasogea kidogo nipate pa kukaa.

Kituoni watu walikuwa wengi. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipuliza vumbi la makapi, na kila mtu amejifunika. Mkaguzi alipima kwanza kwa mawe yake ya serikali. Sahihi. Akageuza mawe ya mizani, akakuta nyota zote nzima. Ndipo Fundi akaomba ruhusa wananchi wajionee wenyewe. Akina mama wakachota maji kisimani, wakamimina mpaka kwenye mistari, madebe yakawekwa kwenye jukwaa la mizani moja baada ya jingine. La tano lilipokaa, mkono ukapanda polepole ukasimama katikati.

Bwana Remijio akacheka. "Huyu fundi binafsi anajua maji yake," akasema.

Bibi mmoja aliyechota debe la mwisho akamgeukia. "Maji ni ya kisima chetu, baba. Au na kisima nacho ni bepari?"

Watu wakacheka, na mimi nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Bwana Remijio akasema basi labda ni panya, labda ni wapakiaji wa lori, labda mizani hubadilika kwa baridi. Mkaguzi akavua miwani, akasema ataandika kwamba sababu haijajulikana, na faili litakwenda juu. Leseni itabaki kwake mpaka majibu yarudi. Fundi akauliza majibu huchukua muda gani. Mkaguzi akasema hawezi kujua. Mwaka, pengine.

Nilimwona Fundi akiokota vifuniko vya madebe yake. Alivifuta kimoja kimoja kwa mkono wa sweta, akavipanga. Mtu aliyekuwa na watoto watano shuleni.

Nikaenda kwenye lori nikachukua gunia. Miguu ilikuwa yangu lakini ilikwenda bila kuniuliza. Nilitoa tairi nikaliweka juu ya jukwaa la mizani, kati ya madebe, na kwa kuwa mizani haina haya, mkono ukaruka juu.

"Bwana Remijio alinipa hili," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, mkaguzi akaniambia nirudie. "Alinipa hili ili niyalishe mawe. Kilo mbili kwa gunia. Nililichukua. Mawe sikuyalisha."

Bwana Remijio aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa anikane, aniite mwongo, mtoto asiye na adabu. Hakufanya hivyo.

"Hukuyalisha?" akauliza.

Aliuliza kwa masikitiko ya kweli kabisa, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona akiyasikia, na watu wote wakamwona. Bibi yule wa kisimani akaanza kucheka taratibu, akajifunika mdomo kwa khanga, halafu wakacheka wote, mpaka vijana wa lori. Mkaguzi hakucheka. Alifungua faili lake, akaandika, na alipomaliza kuandika akatoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akampa Fundi kwa mikono miwili.

Mahindi yalikutwa kwenye ghala la shemeji yake. Bwana Remijio akapoteza kazi na miezi kadhaa ya uhuru wake. Tairi lilikwenda na mkaguzi kama ushahidi, na kama bado lipo kwenye kabati fulani, basi ni tairi la baiskeli lililotunzwa kuliko yote katika Rukwa.

Tukarudi juu ya lori, madebe yakigongana. Nilingoja anifukuze. Tulikuwa tumekaribia mji ndipo akafungua mdomo.

"Ulinidanganya mimi, ukamdanganya na yeye," akasema. "Mizani hukuidanganya. Kwa hiyo kesho uje kazini."

Nililia, nikasingizia vumbi. Baada ya muda akaniuliza, kwa utaratibu, kama anavyouliza mizani ina tatizo gani, kwa nini sikusema hapana siku ile ile. Nikamwambia ukweli. Nilishindwa kusema mbele ya mkubwa, na hata leo pengine ningeshindwa.

Nilidhani atanifundisha ujasiri. Hakujaribu. Kesho yake alitoa madebe nje, akayapanga barazani penye macho ya watu, akanipa ubao na rangi nyekundu iliyobaki. Ilinichukua siku nzima kuandika, na mstari wa pili ulipinda, mnauona hadi leo: MIZANI HUPIMWA HAPA NJE. MWENYE MIZANI ACHOTE MAJI MWENYEWE.

"Wewe huwezi kusema," akaniambia. "Sawa. Wapo wengi kama wewe. Debe litasema."

Na limesema. Kwa zaidi ya miaka arobaini walikuja makarani, wafanyabiashara, hata mheshimiwa mmoja wa vyeo viwili, na kila aliyeshusha sauti apate kuninong'oneza jambo, nilimwonyesha ubao na kumpa debe. Sikugombana na mtu. Wengi walishusha pumzi, maana si kila anayeomba mawe yalishwe anapenda kuomba. Wengine wametumwa, na waliondoka na sababu nzuri ya kurudi mikono mitupu. Fundi Asegelile aliniachia karakana alipozeeka, akarudi Rungwe, akafia huko kwa uzee, leseni yake ikiwa ukutani. Mimi niliendelea na baiskeli ya majani misimu mingine miwili, na sikuichukia kelele yake.

Mnalo sasa debe namba tatu linalovuja kwenye kona. Lizibeni kwa lami, msiunganishe kwa risasi, uzito utabadilika. Mstari upakwe rangi kila baada ya Pasaka.

Nimalizie na jambo la mwezi uliopita, ambalo baadhi yenu mlikuwapo bila kujua mnachokiona. Alikuja mzee mmoja na mjukuu wake, wana mizani ndogo ya kununulia ulezi. Siku hizi kila mtu ni mtu binafsi. Mimi nilimtambua kwa namna alivyouliza jina la mama wa kijana aliyempokea. Yeye alinitambua pia, akatazama miguu yake, akaniamkia vizuri. Nilisafisha makali, nikajaza jiwe moja, nikagonga nyota. Nikawa najiuliza nianzeje kumwambia habari ya maji.

Sikuhitaji. Mzee Remijio alikwisha kuchukua debe barazani, akaenda nalo bombani mwenyewe, mjukuu akimkimbilia ampokee, akakataa. Alirudi akilibeba kwa mikono miwili, akalitua, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari mwekundu.

"Halijafika," akasema, akarudi bombani.